Tangazo la Tatu

Jumapili mbili mfululizo jina la Thirza Gollop lilisomwa kanisani Nethercombe, na mara zote mbili mwenyewe alikuwa nyumbani akimenya viazi. Ndiyo iliyokuwa desturi ya wanawake wa huko: bibi harusi akisikia kwa masikio yake ndoa yake ikitangazwa, atazaa watoto mabubu. Kwa hiyo kijiji kizima kiliulizwa kama kina pingamizi, akaachwa yule mmoja tu aliyekuwa nalo.

Bwana Amos Legg, msimamizi wa mashamba ya kabaila, alikuwa mgane wa miaka hamsini na ushei. Siku alipokuja kuposa hakumtazama Thirza usoni. Aliishika mikono yake iliyozoea kushona glavu, akaigeuza huku na huku kama mtu anayekagua kwato za farasi, akamwambia mama mtu, "Huyu atafaa." Wanawake wa kijiji walisema binti yule ana bahati ya mtende; kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Thirza hakumchukia Legg kwa uzee wala kwa sura yake. Alimchukia kwa neno lile moja, na jioni ile aliisugua mikono yake mpaka ngozi ikamwaka.

Ila nyumba waliyoishi ilikuwa imefungwa kwenye pumzi za watu. Babu yake aliikodi kwa maisha ya watu watatu, na siku atakapokufa wa tatu, nyumba na bustani yake hurudi kwa kabaila. Babu alishakwenda, na ami yake akamfuata. Aliyebaki ni baba yake, Reuben, naye alikuwa kitandani tangu mavuno, kifua kikimkereza usiku na mchana. Legg ndiye aliyeshika kalamu ya kabaila, na ahadi yake ilikuwa wazi: siku ya harusi ataandika kwenye mkataba majina matatu mapya, ya wadogo zake Thirza, mradi Reuben angali hai. Akitangulia, hata Legg hataweza kitu. Hapo ingebaki nyumba ya maskini, ambako lango likishafungwa mama hulala upande huu na wanawe upande ule.

Jumapili ya tangazo la tatu, ambayo kesho yake ndiyo harusi, Thirza alivaa gauni lake la kanisani.

"Unakwenda wapi?" aliuliza mama yake, Jemima. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, bakuli la uji mapajani, mgongo wake umemkinga mumewe.

"Kanisani."

"Leo? Una wazimu wewe? Unataka kunizalia wajukuu mabubu?"

"Bora mabubu, mama. Hao walau hakuna atakayewalazimisha kusema ndiyo."

Jemima hakucheka. "Unakwenda kusimama."

"Nitasimama. Kasisi akiuliza, nitamjibu. Nimekuomba kwa upole, nimekuomba kwa machozi. Sasa sikuombi tena."

Thirza alijikaza kungoja kofi, au kilio, au ile hotuba ya wadogo zake watakaolala njaa. Hakupata hata kimoja. Mama yake alichota uji mwingine, polepole.

"Nenda basi. Lakini usimwamshe baba yako."

Hapo ndipo Thirza aliposhtuka, kwa maana hakuwa amewahi kutoka nyumbani mle bila kumbusu baba yake kwenye paji la uso, na mama yake alilijua hilo. Alimsogeza mama yake kando. Midomo ya Reuben ilikuwa imefungwa. Uji ulikuwa umemtiririka mpaka kidevuni ukagandia hapo. Thirza aliushika mkono wake, akauachia.

"Tangu lini?"

"Alfajiri." Jemima alikipangusa kidevu cha mumewe kwa pindo la aproni. "Sijamlilia, mwanangu. Nimelala na mtu huyu tangu nikiwa kigoli, na sijamlilia. Nikilia jirani atasikia, jirani akisikia kengele ya msiba itapigwa, na kengele ikipigwa Legg atasikia."

"Na huo uji?"

"Mdogo wako alichungulia mlangoni. Ulitaka nifanyeje?" Aliweka bakuli chini. "Sikuzuii. Sina nguvu hizo tena. Nenda ukaseme litakalokutoka."

Njiani Thirza alimkasirikia baba yake kwa kufa, akaona haya, akamkasirikia tena. Siku moja tu. Angeng'ang'ania siku moja tu, binti yake angekuwa na baba wa kumkosea, na mama wa kugombana naye, na haki ya kukataa. Sasa kukataa kwake kungekuwa kuwatupa wadogo zake nje na maiti ikingali kitandani.

Aliingia kanisani ibada imekwisha kuanza. Wanawake waligeuka, wakagusana viwiko. Legg alikuwa benchi la mbele, ukosi mpya umemkaba shingo. Kasisi akayasoma majina yao wawili, akauliza kama yupo ajuaye kizuizi cha haki, na aseme.

Thirza akasimama. Maneno yake alikuwa ameyafanyia mazoezi wiki mbili juu ya viazi: mimi sitaki.

"Thirza?" kasisi aliuliza. "Una neno?"

Legg aligeuka. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni, na Thirza akaona kwamba mtu yule anaogopa. Anaogopa kuaibishwa mbele ya watu, kama mtu yeyote. Angeweza kumwangusha pale pale.

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema. "Baba anawasalimu wote. Leo ameamka afadhali. Amekunywa uji."

Kanisa likashusha pumzi. Bibi mmoja wa nyuma akacheka, akasema, "Maskini, ameshindwa kungoja."

"Mungu ashukuriwe," alisema kasisi. "Nitapita baada ya ibada nimwombee."

"Kesho, Mheshimiwa. Baada ya harusi. Sasa amelala, na mama hataki aamshwe."

"Kesho basi," alisema kasisi, akafungua zaburi.

Thirza hakungoja baraka. Alipofika nyumbani Jemima alikuwa amesimama katikati ya chumba, na alipouona uso wa binti yake aliamini amekataa na yote yamekwisha. Alikwenda kwenye dirisha la kitandani kulifungua, ili roho ya mumewe ipate njia ya kutoka, naye apate ruhusa ya kulia. Thirza akamshika mkono juu ya komeo.

"Bado," alisema. "Mwache humu mpaka kesho."

Jemima alimtazama mpaka akaelewa, na sauti iliyomtoka haikuwa kilio wala shukrani. Thirza alikivuta kichwa cha mama yake akakibana kifuani kwa nguvu zake zote, kwa sababu nje watu walikuwa wanapita wakitoka kanisani.