Mama Kreni na Nanga ya Kilo Kumi na Nne

Kwa miaka ishirini na minane bandarini, Mama Kreni hakuwahi kuachia mzigo. Si kontena, si gari, si hata gunia la saruji. Jina hilo alipewa na makuli, na walilitamka kwa heshima, maana alikaa kwenye kile chumba cha vioo cha kreni, mita thelathini kutoka chini, akishusha tani ishirini juu ya lori taratibu hivi kwamba dereva aliendelea na usingizi wake. Alipostaafu alinunua mashua ndogo ya tanga, mita sita tu, akasema amebeba vya watu vya kutosha, sasa ni zamu yake kubebwa.

Basi ona mambo ya dunia. Mtu wa tani akaja kuumizwa na nanga ya kilo kumi na nne.

Siku hiyo alikuwa peke yake ghubani, amesimama mbele ya mashua, anaivuta kamba ya nanga kwa mikono kama alivyozoea. Upepo ukageuka ghafla, mashua ikarudi nyuma, kamba ikakaza. Mwenye akili zake angeachia. Mama Kreni akang'ang'ania, bega la kulia likachanika kwa ndani. Nanga aliipandisha hivyo hivyo, akarudi nyumbani akiendesha kwa mkono mmoja, na habari yenyewe akaisimulia kwa maringo. Binti yake, ambaye ni nesi wa wodi ya mifupa, hakucheka hata kidogo.

"Mama, likichanika mara ya pili halishoneki tena. Mkono utabaki pambo."

"Si nimeipandisha lakini?"

Bega liliposhonwa, nesi alimuogesha mama yake, akamvalisha, akamkatia nyama kwenye sahani kwa miezi mitatu. Siku mkono ulipotolewa kwenye kitambaa cha shingoni, akatoa hukumu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, mama aende akamwonyeshe anavyong'oa nanga peke yake bila kuumia. Akiweza, hakuna atakayefungua mdomo tena. Akishindwa, mashua inauzwa kwa daktari wa meno wa mtaa wa pili, ambaye alikuwa ameshaiulizia mara tatu. Huyo ni mtu wa subira, kazi yake kungoja vya watu vioze.

"Nimekubali," alisema Mama Kreni, hata kabla binti hajamaliza. Usiku huo hakula vizuri. Bila mashua angekuwa bibi wa kukaa sebuleni na kuulizwa kama amekunywa dawa, na hilo hakuliweza.

Meza ya jikoni ikageuka karakana. Mkwe wake, fundi umeme, kijana mpole mwenye penseli sikioni saa zote, alikuja na wazo la mota. Unabonyeza kitufe, nanga inapanda. Akapima, akapiga hesabu, akajikuna shingo.

"Betri peke yake ni kilo thelathini, mama. Tukiiweka mbele, mashua itainamisha kichwa kama bata anayetafuta chakula."

"Mota sitaki. Winchi ya mkono ninayo."

Kweli alikuwa nayo. Alikuwa ameiazima kwa mafundi wa bandarini, ile wanayovutia malori yaliyonasa kwenye matope, chuma kitupu na mpini wa kuzungusha. Mkwe akaitazama winchi, akaitazama mashua, akataka kusema neno, adabu ikamzuia. Ukwe nao una gharama zake.

Wakaifunga kwa bolti nne, wakaenda kuijaribu. Mama Kreni akazungusha mpini kwa mkono wa kushoto, uso umemng'aa kama yuko kazini. Nanga imezama kwenye tope, haitikisiki. Akazungusha tena. Badala ya nanga kupanda, mashua ikaanza kushuka. Ncha ya mbele ikainama, maji yakachungulia ndani, mbao zikalia, kisha winchi ikang'oka na ubao wake wote ikabaki inaning'inia. Mkwe alicheka mpaka akakaa chini.

"Samahani, mama," alisema akifuta machozi. "Kreni imesimama juu ya zege. Hii imesimama juu ya maji. Ukilazimisha cha chini kije, wewe ndiye unayekifuata."

Mama Kreni alinuna njia nzima. Kosa hilo asingelifanya muuza duka wala mwalimu. Alilifanya yeye kwa sababu tangu ujana alikuwa na ardhi ngumu chini ya mashine yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, sawa, lakini huu mvungu wake ulikuwa na kina cha mita tano. Usiku akawaza: ikiwa maji yana nguvu ya kuibeba mashua na watu wake, nanga yatashindwaje kuibeba?

Asubuhi akatafuta boya kubwa jekundu na pete ya chuma. Pete ikavishwa kwenye kamba ya nanga iteleze, boya likafungwa kwenye pete. Yeye kazi yake ni kupandisha tanga na kwenda mbele. Mashua inavuta, boya linabaki nyuma likikataa kuzama, kamba inapita kwenye pete, na nanga inapanda yenyewe mpaka inaning'inia chini ya boya. Hapo unavuta kitu kinachoelea, hata kwa mkono mmoja. Alijaribu mara kumi, na mara zote kumi nanga ikaja. Mara ya kumi aliimba. Kichwa kilimvimba, na nani angemlaumu? Alikuwa na miaka sitini na mitatu na bega moja, na alikuwa ameitumikisha bahari.

Jumamosi ikafika. Gatini walisimama nesi na mumewe, na hatua chache pembeni daktari wa meno, mikono nyuma, anaitazama mashua kama mtu anayepima mapazia ya nyumba ambayo bado ina wenyewe.

Mama Kreni akatia nanga mbele ya macho yao, akasubiri ishike, akapandisha tanga. Mashua ikaenda, boya likabaki nyuma, kamba ikateleza kwenye pete vizuri kabisa. Kisha mashua ikasimama kama imegonga ukuta, ikazunguka kwa nguvu.

Nanga ilikuwa imenasa. Huenda ni mnyororo wa zamani, huenda ni jiwe. Akajaribu upande wa pili, ikakataa. Akaikusanya kamba ikiwa imelegea, akaifunga fupi ili wimbi liinyanyue mashua na mashua iing'oe nanga. Wimbi likaja, mashua ikashindwa kunyanyuka, maji yakaingia kwa mbele. La pili likaja, yakaingia mengi zaidi. Upepo ulikuwa unaongezeka.

Akaishika kamba kwa mikono miwili. Mikono ilikwenda yenyewe, kwa mazoea. Gatini, kwa mbali, alimwona nesi ameziba mdomo kwa kiganja. Bega lilianza kuchoma. Akajua kwamba akivuta sasa, kwa nguvu zote, pengine nanga itakuja. Pengine mara hii tu. Na mtu aliyekaa miaka ishirini na minane bila kuachia angeanzaje leo, mbele ya daktari wa meno?

Wimbi la tatu lilimlowesha mpaka kiunoni. Akatukana tusi moja la bandarini, lile kubwa. Kisha akachukua dumu tupu la kutekea maji, akafunga ncha ya kamba kwenye mshikio wake ili kesho mpiga mbizi aione, akaifungua kamba kwenye mashua, na akaachia.

Mashua ikaruka kama imefunguliwa kifungoni. Mama Kreni akashika usukani, shingo imenyooka. Kama mashua inakwenda kwa mwingine, ataikabidhi kwa adabu. Alikuja na upepo ubavuni, akashusha tanga mahali hasa panapostahili, na ubavu wa mashua ukaligusa gati polepole, bila kishindo chochote. Mkwe akapiga makofi, akasahau mambo ya ukwe.

"Nanga sijaileta," alisema Mama Kreni akimtazama binti yake machoni. "Maneno ni yale yale tuliyokubaliana. Uza."

Nesi alikuwa analia waziwazi.

"Nanga inauzwa dukani, mama. Mimi nilikuwa nauangalia mkono."

"Mkono gani?"

"Huo. Umerudi nao." Akafuta uso kwa mgongo wa kiganja, akamgeukia daktari wa meno. "Daktari, utuwie radhi. Mashua haiuzwi."

Mama Kreni alijivuna, tena sana, kuliko siku yoyote kule juu kwenye vioo, na hakujua aanze kumwambia nani. Akanyoosha mkono wa kulia, ule ule mbovu. Nesi akaupokea kwa mikono miwili, akamsaidia kupanda gatini, na njia nzima mpaka nyumbani hakuuachia.