Swali Ambalo Ebeneza Hakulielewa

Anyisile alizaliwa akisikia. Alipokuwa darasa la kwanza aliugua homa ya uti wa mgongo, na alipopona hakusikia tena hata ngurumo. Wazazi wake, Ebeneza na Yunisi, walimpeleka shule ya bweni ya watoto viziwi mjini Njombe. Kila Jumamosi nao walitoka kwao Makambako kwenda huko, kujifunza lugha ya alama pamoja na wazazi wengine.

Yunisi alishika haraka. Ebeneza alikuwa fundi wa kuchomelea mageti karibu na maegesho ya malori, na vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa kazi. Siku moja alitaka kusema amekula ugali, mikono ikasema jambo jingine, akina mama wakacheka mpaka wakafuta machozi. Naye alicheka. Lakini Jumamosi iliyofuata alisema ana kazi ya mteja.

"Wewe nenda tu, Mama Anyisile," alimwambia mkewe. "Ukielewa wewe, nyumba nzima imeelewa."

Kisha Yunisi akaugua. Alifanyiwa upasuaji wa uvimbe tumboni, kidonda kikakataa kufunga, akakaa wodini wiki baada ya wiki. Ebeneza alipika uji, akaupeleka hospitali, akarudi kuchomelea, jioni akaenda tena. Mwalimu Eufrasia, aliyewafundisha wazazi alama, alipompigia simu kumkumbusha darasa, alijibu, "Mwalimu, mke wangu yuko kitandani. Kichwa cha kujifunza nitakitoa wapi?"

Mwalimu akampa pole. Nani angemlaumu? Ebeneza mwenyewe ndiye aliyejua kwamba darasa alikuwa amelikimbia kabla ugonjwa haujaingia nyumbani.

Siku ya wazazi kutembelea watoto alikwenda peke yake, na parachichi kwenye mfuko. Baridi ya Juni ilikuwa kali, ukungu umelala mpaka kwenye madirisha ya mabweni. Anyisile alimkimbilia, kisha akachungulia nyuma yake, akimtafuta mama. Ebeneza akalaza shavu kwenye kiganja kuonyesha kwamba mama amelala. Mtoto akakunja uso. Akauliza jambo kwa mikono, upesi upesi.

Ebeneza hakuelewa. Pembeni yao wazazi wengine walikuwa wakizungumza na watoto wao, mikono ikipepea, na mama mmoja kati ya wale waliomcheka alikuwa akimtazama. Aliona haya kumwomba mwanawe arudie. Akatabasamu, akaitikia kwa kichwa: ndiyo.

Anyisile akauliza tena, polepole. Baba yake akaitikia tena, akampapasa kichwani. Mtoto akaliachia koti la baba yake, akageuka, akaenda bwenini. Parachichi hakuzichukua. Ebeneza akajiambia ni baridi.

Kesho yake mwalimu akapiga simu.

"Baba Anyisile, pole sana kwa msiba."

"Msiba gani, Mwalimu?"

"Anyisile anasema mama yake amefariki. Anasema alikuuliza mara mbili, nawe ukakubali. Hajala tangu jana."

Ebeneza akakaa juu ya geti alilokuwa akilichomelea. "Mama yake yu hai. Sikuelewa alichoniuliza."

"Sasa kwa nini ulikubali?"

Ebeneza akainuka kwenye geti. "Mwambie, Mwalimu. Mwambie sasa hivi. Na mimi nakuja."

Lakini alipofika Njombe alikuta mtoto amekataa kumwamini mwalimu. Kwake, baba mwenyewe ndiye aliyesema. Mwalimu alikuwa anambembeleza tu. Ebeneza akasimama nje ya ofisi, mwalimu akimshika vidole na kuvipanga kimoja kimoja kama anavyofanyiwa mtoto wa chekechea, na watoto wakipita wanatazama. Safari hii hakuondoka.

Akaingia. Akamwambia binti yake kwa mikono: mama mzima. Mimi sikuelewa. Mimi nilidanganya.

Anyisile alimtazama mikono, kisha uso, kisha mikono tena. Akampiga kifuani kwa ngumi zote mbili, na akalia kwa ile sauti yake asiyoisikia. Ebeneza alisimama akapigwa. Mtoto alipotulia akauliza jambo, na baba yake, jasho likimtoka kwenye baridi ile, akaonyesha: rudia.

Jioni, wodini, alimweleza Yunisi yote. Yunisi alijiinua kwenye mto.

"Mwanangu amenililia nikiwa hai," alisema. "Leta kiti hapa, Baba Anyisile. Nyosha mikono."

Tangu siku hiyo Ebeneza alifundishwa kando ya kitanda, bakuli la uji likipoa. Siku nyingine Yunisi alikuwa na maumivu na walifanya alama mbili tu. Siku nyingine Ebeneza alisinzia katikati. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walimcheka, naye aliendelea. Jumamosi alirudi darasani Njombe, akaketi mbele.

Kidonda kilifunga, na likizo ilipofika Yunisi alikuwa amesharuhusiwa kurudi nyumbani. Anyisile alimkumbatia mama yake mlangoni, hakutaka kumwachia. Ebeneza sasa anazungumza na binti yake mambo ya shule, ya viazi, ya Mungu. Ila Anyisile ana desturi moja ambayo hana kwa mtu mwingine yeyote. Akimuuliza baba yake jambo, hapokei jibu mpaka kwanza baba amrudishie swali lenyewe kwa mikono, neno kwa neno. Ebeneza hulirudia, mbele ya wageni, hata mbele ya mchungaji, macho chini.