Kitambaa Ndani ya Tangi

Fundi alikuwa na miaka miwili na ushee bila kukanyaga kitalu cha miche cha kaka yake, ukiacha siku ile ya mazishi ya kaka huyo, aliposimama nyuma kabisa kama mpita njia na kuondoka kabla watu hawajatawanyika. Kwa hiyo shemeji yake, mjane wa kaka, alipompigia simu, wiki ya sita baada ya msiba, alidhani ni mambo ya ukoo, akajiandaa kukataa. Kumbe ilikuwa trekta. Haliinui tena, shemeji alisema. Udongo anausomba kwa toroli, na mgongo umeshamgomea.

Alikwenda asubuhi yake na sanduku la vifaa. Kazi yake ndiyo hiyo, mashine zinazoinua kwa nguvu ya mafuta, na mjini walimwita Daktari wa Pampu. Kaka yake ndiye aliyemwingiza katika ufundi huo alipokuwa hana mbele wala nyuma. Ndiye pia aliyempigia simu siku moja na kumwambia, bila hata salamu, kwamba yeye ni mwizi: spana zote alizoachiwa na baba yao zimetoweka stoo, na mtu wa mwisho kuingia humo ni mdogo wake. Fundi alicheka, akidhani anataniwa. Kaka akarudia neno lile lile, akaongeza kwamba asimwone tena pale. Fundi akakata simu, na tangu hapo kila mmoja akashika njia yake.

Trekta lilikuwa bandani, dogo, jekundu lililopauka, na mbele yake mikono miwili ya chuma iliyoshika ndoo pana ya kuchotea udongo. Alimwomba shemeji aliwashe. Injini ilishika mara moja. Alipovuta kishikio, mikono ilipanda kwa kusitasita kama mgonjwa anayepanda ngazi, ikatetemeka, ikakwama usawa wa goti. Pampu ililia mlio mwembamba wa kukera masikio.

Fundi akazima injini, akaiacha ndoo vile vile hewani, akapiga mstari wa chaki ukutani kwenye kimo chake. Akangoja. Kama ndoo ingeshuka, ugonjwa ungekuwa kwenye silinda, mafuta yanapenya pembeni ya sili, ile pete ya kuzibia. Haikushuka hata unywele. Basi misuli ilikuwa mizima. Kilichokosekana ni pumzi. Pampu ilikuwa inavuta na haipati. Akateremsha ndoo mpaka chini, akavipeleka vishikio mbele na nyuma mpaka shinikizo lililobaki kwenye mipira likaisha, ndipo akageukia tangi la mafuta ya pampu.

Kifuniko hakikuwepo. Mdomo wa tangi ulikuwa umefungwa kwa mfuko wa nailoni na kamba ya viatu. Aliponyonya kidogo kwa bomba, mafuta yalitoka na rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia, na si ya jana.

Hakuelewa. Kaka yake alikuwa mtu wa kufuta hata mpini wa nyundo kabla ya kuutundika. Ubavuni mwa tangi, kwa rangi nyeupe, alikuwa na desturi ya kuandika tarehe kila alipobadilisha chujio, na fundi akainama azisome. Zile za juu zilinyooka kama zimepigwa chapa. Chini yake tarehe moja iliandikwa mara tatu. Kisha tarakimu zikaanza kuanguka upande, moja ikipanda mgongoni mwa nyingine, na mwisho palikuwa na mstari mmoja mfupi tu, kama wa mtu aliyeinua brashi akasahau alichotaka kuandika.

Akapitisha kidole juu ya mstari ule.

Baadaye alimwaga mafuta yote kwenye beseni, akafungua mpira unaopeleka mafuta kwenye pampu. Mdomoni mwake, pale penye wavu, kulikuwa na kitu kimejibana. Alikivuta kwa koleo kikatoka kipande kwa kipande: kitambaa cha buluu, nusu ya shati, mkono mmoja ukiwa bado na kifungo.

Shemeji alikuwa mezani akijaza udongo kwenye vifuko vya miche. Fundi akamwekea kile kitambaa mbele yake. Mama yule akakitazama, akapangusa mikono.

"Tulilitafuta hili shati wiki nzima," alisema.

Akaketi juu ya debe, akaeleza. Ilianza miaka mitatu nyuma, kwa vitu vya kuchekesha. Mume wake alimwamkia mara mbili asubuhi moja, mara ya pili kwa heshima zote, kama mgeni. Viatu akavikuta kwenye pipa la maji. Hospitali walitaja jina la ugonjwa na kusema haurudi nyuma. Naye akamwapisha mkewe asimwambie mtu yeyote, na hasa mdogo wake, kwa kuwa huyo, alisema, ndiye pekee anayemwona bado fundi. Mwisho kilichomwondoa ni mapafu, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshaondoka zamani.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na zile spana?"

Shemeji aliinamisha kichwa. "Nilizikuta."

"Lini?"

"Wiki mbili baada ya kukufukuza. Zilikuwa ndani ya gunia la mbegu."

Alisema alishika simu mara nyingi. Kumwambia habari ya spana kungekuwa kumwambia yote, na alikuwa amekula kiapo. Siku kiapo kilipokosa maana, mgonjwa alikuwa hamjui tena mtu, na aibu ikamfunga mdomo.

"Alikuwa ananiulizia?"

Shemeji angeweza kumdanganya. Hakumdanganya. "Mwanzoni kila siku. Alikuwa anasema umechelewa kazini, tukubakizie chakula. Baadaye akakusahau, shemeji."

Fundi akarudi bandani, maana mikono ilijua la kufanya na moyo haukujua. Alisuuza tangi, akaweka chujio jipya na mafuta mapya, akatafuta kifuniko kinachoenea. Aliinua ndoo tupu na kuishusha polepole, tena na tena, hewa ikitoka, mpaka pampu ikanyamaza na mikono ikapanda bila kutetemeka. Katikati ya kazi hiyo alilia, injini ikiwa inanguruma, na shemeji akageuza uso upande wa miche.

Wakati wa kuagana aliombwa msamaha.

"Leo sijui, shemeji," alijibu. "Kusema kweli sijui."

Alichomwambia ni kwamba maji hujificha kwenye silinda na mipira, hivyo mafuta yale yatachafuka tena na lazima yabadilishwe baada ya siku chache. Angerudi Jumamosi.

Alirudi Jumamosi ile, na iliyofuata, wakafanya kazi karibu bila maneno. Mara ya tatu mafuta yalitoka safi, na hapakuwa tena na sababu ya kuja. Fundi hakuondoka. Alivuta debe, akaketi mezani, akajivutia rundo la vifuko, akamwomba shemeji amsimulie ile miaka mitatu tangu mwanzo, asiruke kitu, hata yale ya kuumiza. Shemeji akaanza na asubuhi ya salamu mbili. Walijaza vifuko mpaka udongo ukaisha, na alikuwa hajafika hata nusu.