Vishikwambi vya Wageni

Ijumaa asubuhi Mwalimu Naliaka alifungua kabati la chuma na kukuta kila kishikwambi kimerudishwa kwenye boksi lake na kuvikwa tena nailoni. Aliwasha kimoja. Kikamkaribisha kama mtu asiyemjua, kikamuuliza angependa kutumia lugha gani. Akawasha kingine, kikauliza vilevile. Hapo hasira ikampanda hadi masikio yakawaka moto, kwa maana alielewa: yaliyokuwemo yote yamefutwa.

Ukitaka kujua kwa nini mwanamke mzima alikaribia kulia mbele ya kabati, lijue kwanza darasa lake la Gredi ya Nne pale mtaani Kaptembwo. Watoto walibanana kwenye madawati hadi wa pembeni akawa ameketi kwa paja moja. Walisoma wote kwa pamoja, kwa sauti moja, mabati yakitetemeka. Katika kelele ile asiyejua hujificha nyuma ya anayejua, na anayejua naye hupotea humohumo. Kumsikiliza kila mtoto peke yake kungemaliza muhula mzima.

Basi Naliaka aliomba vile vishikwambi vya wafadhili vilivyokuwa vimekaa bure. Hakuonyesha video wala tembo wanaocheza ngoma. Alipunguza mwanga wa kioo hadi kikawa giza, akawatuma watoto kwa zamu nyuma ya darasa, kila mmoja auelekee ukuta, asome ukurasa mmoja na kujirekodi. Masomo yakiisha, yeye alibaki kusahihisha madaftari huku akisikiliza. Kifaa kilikuwa sikio lake la pili, basi.

Huko ndiko alikomsikia Joyline. Darasani, Joyline akiinuliwa asome alisimama kimya, macho chini, wenzake wakimcheka mpaka akalia. Mwalimu mkuu, Bwana Kibii, alishakata shauri kwamba kichwa cha mtoto huyu ni kizito na ahamishiwe darasa maalum katika shule nyingine. Lakini kwenye rekodi, mbele ya ukuta usiocheka mtu, Joyline alisoma sawasawa. Akikosea neno alirudi mwenyewe, akalirekebisha na kuendelea. Naliaka hakumwambia mtu. Alitaka kukusanya rekodi nyingi, azipange vizuri, ili siku mama wa mtoto atakapoitwa kuambiwa habari ya uhamisho, Kibii akose pa kuponyokea. Siku yenyewe ilikuwa hii Ijumaa.

Akaenda ofisini bila kubisha hodi.

"Mwalimu, nani amegusa zile tablet?"

"Ni mimi," Kibii akasema. "Niliita fundi wa huko town azirudishe zikae mpya. Wageni wanakuja Monday, Madam. Unataka wapate zimejaa alama ya vidole?"

"Kulikuwa na kazi ya watoto ndani."

"Kazi gani? Mimi nimepita pale kwa dirisha. Screen ni giza, watoto wanaongea na ukuta. Hiyo ndiyo digital? Monday nataka rangi. Wageni waone kitu inatembea."

Kibii hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililozidi kuudhi. Alikulia katika nyumba ambamo vikombe vizuri vilikaa kwenye kabati la kioo vikisubiri wageni, wenye nyumba wakinywea vya plastiki. Naliaka naye alikulia katika nyumba ya namna hiyo. Lakini hata mamake, pamoja na wivu wake wote kwa vikombe, hakuwahi kumwaga chai ya mtu ili kikombe kionekane kipya.

Mama Joyline akaingia kabla hawajamalizana. Huyu alikuwa Chesang, muuza mahindi ya kuchemsha karibu na stendi, na aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa kushtakiwa. Joyline alisimama nyuma yake. Kibii akaanza hotuba yake ya kichwa kizito, na Naliaka akamkatiza.

"Anasoma, mama. Nilikuwa na sauti yake akisoma."

"Iko wapi?"

"Imefutwa."

Kibii akakohoa. "Madam, tusipotezee mama time."

"Basi nipe tablet moja tu. Dakika chache."

"Zimeshafungwa kwa boksi. Hazifunguliwi mpaka Monday."

Naliaka alitamani kukipindua kimeza cha Kibii pamoja na maua yake ya plastiki. Chesang akawatazama wote wawili, akatoa simu yake mkobani.

"Kwani mnataka tu kumsikia? Si hata yangu inarekodi. Mimi maneno ya chama yetu ya akina mama natumanga na voice. Kuandika ndio sijui."

Joyline akapewa simu na kitabu, akaenda nyuma ya ofisi. Wakangoja. Aliporudi, alimpa mamake simu bila kumwangalia yeyote. Chesang akabonyeza. Sauti nyembamba ikajaza ofisi: habari ya mbuzi aliyekula kamba yake, mstari hadi mstari, ikisita mara moja, ikijirekebisha, hadi mwisho wa ukurasa.

Naliaka akamgeukia Kibii akitarajia kuona uso ulioanguka. Kibii alikuwa anatabasamu.

"Hii sasa ni kitu," akasema. "Monday asimame mbele asomee wageni hivyo hivyo."

Lakini Chesang hakuwa akimsikiliza Kibii. Alikuwa anamtazama yeye, Naliaka.

"Wewe umejua tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita. Nilikuwa nataka nikusanye za kutosha, mama, ndio nikikuletea…"

"Juzi mwalimu mkuu alinipigia akasema mtoto hajui kitu," Chesang akasema. Sauti yake haikupanda. "Nikamchapa na mwiko. Akaniambia, mathe, mimi najua kusoma. Nikamwongeza, nikasema ni uongo."

Joyline alivuta mikono ya sweta hadi ikamfunika vidole.

Maneno yote ambayo Naliaka aliyaandaa kwa wiki kadhaa yalikuwa ya kumshinda Kibii, na hakuna hata moja lililomfaa mama huyu. Chesang akabonyeza simu tena, ofisi ikasikiliza habari ya mbuzi mara ya pili, na safari hii alimshika mwanawe mkono mpaka ukurasa ulipoisha.