Mkojo wa Kuazima

Baba yangu, Mzee Rwekaza, ana kisukari cha miaka kumi na saba na ujanja wa miaka sabini na mbili. Mwaka huu alipoambiwa apeleke mkojo kliniki, aliazima.

Kosa la kwanza ni langu. Mimi ni afisa ugani. Nimechukua sampuli za udongo karibu nusu ya Muleba, na kila mfuko nauandika mwenyewe: jina la mkulima, tarehe, mahali udongo ulipotoka. Lakini Jumanne ile wakulima wa kahawa walikuwa wananisubiri Kagoma, nikampa Baba kikopo na kumwamini.

"Tata, unajaza hadi hapa, unafunga, unampa nesi Klaudia mkononi. Wanataka kujua kama sukari imegusa figo."

"Na wakikuta imegusa?"

"Lubisi basi. Kayabo basi."

Hilo ndilo kosa la pili. Mgonjwa hatajiwi adhabu kabla ya kipimo. Lubisi, pombe yetu ya ndizi, Baba hunywa kikombe kimoja kila jioni na kukiita dawa ya usingizi. Kayabo, yule sangara wa chumvi anayetoka kisiwa cha Goziba, Baba angeweza kumla hata kwenye uji.

Nilipoondoka tu, alivuka barabara kwa Muhidini, fundi cherehani, jirani yetu hapa Rwamishenye. Muhidini naye ana kisukari cha miaka mingi. Walifahamiana kwenye foleni ya kliniki. Ila huyu ndiye niliyekuwa namtolea mfano Baba kila siku. Hajaonja pombe tangu azaliwe, chai hanywi na sukari, na kila alfajiri anakwenda msikitini kwa miguu. Baba akaona mkojo safi Bukoba nzima uko pale.

"Haujaguswa na lubisi hata tone," alinieleza baadaye, kama mtu anayesifia maziwa ya ng'ombe wake.

Muhidini alisifiwa, naye akajaza mpaka kikopo kikakataa kifuniko.

Ijumaa Klaudia alinipigia simu niende na mzee. Daktari alitukalisha. Protini kwenye mkojo, alama tatu. Akatueleza, nami nikamrudia Baba kwa lugha yake: figo ni kama zile nyasi tunazokamulia ndizi za lubisi. Sukari ya miaka mingi inazichosha, makapi yanaanza kupita.

"Mzee, unameza dawa za maumivu? Diklofenaki na wenzake?" daktari akauliza.

"Mimi? Hata siku moja." Alisema kweli.

"Usianze. Figo za namna hii, dawa zile ndizo zinazozimalizia. Jumanne njoo tupime damu tujue zimebaki kiasi gani. Tusipowahi, utaishia kwenye mashine ya kusafisha damu."

Njia nzima Baba alihesabu vidole vyake. Nikadhani anaogopa. Kumbe alikuwa anapanga. Jumanne damu ingetoka kwenye mkono wake mwenyewe, majibu yangekuwa mazuri, daktari angesema mashine ilikosea, na hakuna ambaye angejua. Kazi yake ilikuwa kunyamaza na kula siku nne chakula kisicho na chumvi.

Alikula. Ndizi na maharage, bila chumvi, bila kayabo, na kikombe cha lubisi nikakigeuza cha kuwekea vijiko. Hakulalamika. Hapo ningetakiwa kushtuka.

Jumapili, tumetoka kanisani, Muhidini akaja kula nasi. Alipoketi akamwinamia Baba. "Majibu yetu vipi?"

"Bado," Baba akajibu haraka.

Nikasikia "yetu", nikadhani ni upendo.

Muhidini alionja ndizi, akaniangalia. "Mama Nancy, chumvi imeisha mjini?"

"Tata hali chumvi siku hizi."

"Pole, Rwekaza. Mimi chumvi nakula, kiuno tu ndicho kinanisumbua. Cherehani hii itaniua." Akatoa karatasi ya vidonge mfukoni, akabonyeza kimoja. "Bila hivi viwili vyangu, asubuhi na jioni, nisingeinuka. Nipe maji, Mama Nancy."

Baba aliacha kutafuna. "Hiyo ni dawa gani?"

"Diklofenaki. Mwaka wa tatu huu."

"Weka chini."

"Unaionea wivu?"

"Muhidini, weka chini hicho kidonge!"

Muhidini akacheka, akakitupia mdomoni. Baba aliruka kutoka kitini, yeye ambaye huinuka kwa kushikwa mkono, akampiga mgongoni kofi ambalo lilisikika jikoni. Kidonge kikachomoka, kikatua katikati ya bakuli la ndizi.

"Figo zako zinavuja!" Baba akapiga kelele. "Alama tatu!"

"Tata," nikasema, "figo za nani?"

Akanitazama, akamtazama Muhidini, akaketi taratibu.

"Hizi unazozilisha ndizi zisizo na chumvi si zangu. Ni zake."

Nilihesabu mpaka kumi. Muhidini hakuhesabu. "Ulisema bado!"

"Ningesemaje? Nilikuja kwako kutafuta mkojo mzuri!"

Jumanne niliwapeleka wote wawili. Vikopo niliviandika kwa kalamu ya shambani, jina, tarehe, mahali ulipotoka, na nikasimama mlangoni mwa choo mpaka kila mmoja akatoka na chake. Klaudia alinicheka, lakini hakunizuia, kisha akawatoa damu.

Muhidini alikuwa na presha ya juu ambayo hakuijua, maana mwaka wa pili haendi kliniki. Vidonge vya sukari ananunua dukani. Figo zake zimeumia, ila bado zinafanya kazi. Daktari alimpa dawa ya presha, akampiga marufuku diklofenaki, akamwambia angengoja mwaka mwingine wangekuwa wanazungumza mengine.

Baba alipata alama moja.

"Moja tu!" Akatuonyesha karatasi kama cheti cha ubatizo.

"Moja ni mwanzo, mzee," daktari akasema. "Chumvi hapana, pombe hapana."

Kwenye bajaji Muhidini alikaa katikati yetu, amenuna.

"Rwekaza, wewe ni tapeli."

"Sikiliza, bwana. Ungekuwa unakunywa lubisi, ningekuja kwako?"

"Usingekuja."

"Nani angejua figo zako?"

Tulipofika nyumbani Muhidini akashuka, akageuka.

"Mama Nancy, leo unapika nini?"

"Ndizi."

"Bila chumvi?"

"Bila chumvi."

Akashusha pumzi. "Basi nipakulie kabla yake. Huyu ana deni la kikopo kizima."