Nyayo za Mtaa wa Reli

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Ligaya Dimaculangan alifunga mlango wake, akashuka ngazi na kuanza safari ya kwenda karakana ya matrekta, alikokuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Theluji ilimfika magotini. Kila aliponyanyua mguu, theluji ilijifunga nyuma yake, laini, kama haijaguswa. Wenye vibali vya muda hawaachi nyayo. Mjini Dunmere kila mtu alilijua hilo, kama alivyojua kwamba duka la mikate halifunguliwi Jumatatu.

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Dunmere walimpa Ligaya jembe siku ya kwanza. Nyayo alikuwa akizingoja mwaka wa nne.

Usumbufu ulikuwa greda. Vijana wengi walihamia mijini, nyumba zikabaki tupu, kwa hiyo halmashauri ikaamua kwamba greda lisafishe theluji palipo na nyayo tu. Mtaa wa Reli ulihesabiwa mtupu. Waliishi humo watu arobaini na mmoja, wote wa vibali vya muda.

Jirani yake, Erlinda, ambaye Ligaya alimwita Ate kama kwao wanavyomwita dada mkubwa, alikuwa ameishi hapo miaka tisa, na nyonga yake ilikuwa mbovu. Alipika kwenye nyumba ya wazee. Mpango wa jimbo uliwapa ukaazi wa kudumu mafundi. Mpishi hakuwamo kwenye orodha, ingawa wazee wote wa mji walikula mkononi mwake.

"Barua yako ya ukaazi ikitoka," Ate Erlinda alizoea kusema, akiegemea koleo lake la theluji, "utatembea kwa niaba yetu sote wawili."

Ilitoka asubuhi ile ile, saa nne, wakati wa kahawa. Ligaya aliisoma kwenye simu mara tatu, kisha akapiga yowe mpaka msimamizi wake, Wendell, akazima mashine.

"Imetoka?"

"Imetoka!"

"Sasa unasimama hapa unafanya nini? Nenda ukakanyage!"

Karakana nzima ilijaa mlangoni. Ligaya alishusha mguu mmoja, akaunyanyua. Kisigino, vidole, hadi maandishi ya soli, vyote vilikuwa pale. Furaha ilimpanda kichwani. Alikimbia, akaruka, akalizunguka ghala la ngano mara mbili, akaingia posta bila barua. Mzee Kuzyk wa posta alifungua dirisha.

"Kiatu namba ngapi?"

"Tano na nusu!"

"Kamguu kadogo, lakini kamo!"

Jioni alipeleka sinia la tambi kwa Ate Erlinda, kisha akatembea baina ya milango yao miwili mara arobaini, huku mwenzake akimwelekeza kutoka kizingitini.

"Na hapa kwenye ngazi! Kanyaga vizuri, mdogo wangu, wasije wakasema hawakuona!"

Walicheka mpaka Ate akakaa chini.

Asubuhi greda liliingia Mtaa wa Reli kwa mara ya kwanza. Wanawake wale wawili walisimama kila mmoja mlangoni pake, makoti juu ya nguo za kulalia, wakipiga makofi. Dereva, Duane, alisafisha mpaka ngazi za Ligaya. Alipofika kwa Ate Erlinda alizima injini, akashuka, akachutama na kupima nyayo kwa futi.

"Tano na nusu," alisema. "Hizi zako, Ligaya. Za mwenye nyumba ziko wapi?"

"Mwenye nyumba si huyo hapo! Anampikia mama yako miaka yote hii!"

"Najua. Mama anampenda mno." Duane alivua kofia, akampungia Ate Erlinda kwa heshima. Kisha akamshika Ligaya mkono. "Hongera sana. Tulikuwa tunakusubiri."

Alipanda greda, akainua bapa lake la kusukumia theluji, akapita.

Ate Erlinda aliitazama njia ya jirani yake.

"Njia nzuri, jamani," alisema. "Pana."

Aliingia ndani kuchukua koleo. Ligaya alichukua lake, akaanzia upande wa pili. Wazee hunywa uji saa moja kamili, na uji haujipiki.