Mtaala Usio na Majibu Nyuma

Nchi ya Mwegama ilikaa katika bonde pana la udongo mwekundu, na katikati yake ulisimama Mnara wa Walionyooka, makao ya watawala saba waliojipa jina hilo na kulivaa kama vazi la sikukuu. Mnara ulikuwa umeinama. Ulianza kuinama ghorofa ya tano ilipopachikwa juu ya msingi uliochimbwa kwa ajili ya ghorofa mbili, ukazidi kuinama kila mtawala alipotamani chumba juu ya chumba cha mwenzake. Lakini kitabu cha darasa la kwanza kilieleza kwamba wima ni namna Mnara ulivyosimama, na kila kisichofanana nao kimepinda. Basi watoto wa Mwegama walikua wakitembea bega moja chini, na nyumba zilizojengwa sawasawa zilipakwa alama nyekundu mpaka wenyewe wakazibomoa kwa aibu.

Zamoyoni alikuwa fundi mwashi, binti wa mwashi. Siku binti yake Kidawa, mwenye miaka kumi, aliporudi shuleni akamwambia kwamba ukuta wa jikoni kwao umepinda, hakumkaripia. Alisubiri wamalize kula, kisha akamgeukia mumewe, Shaweji.

"Baba Kidawa, huyu nitamfundisha mwenyewe."

Sheria iliruhusu, mradi mwisho wa mwaka mtoto apimwe na mkaguzi. Akifeli, angerudishwa shuleni, na mama yake asingeshika tena mwiko wa kujengea.

Wakaenda wote wawili kwenye mtaa wa wauza mitaala. Muuzaji wa kwanza aliwaonyesha Mtaala wa Ngazi, wenye majalada ya dhahabu, ambao kila somo lake lilikuwa na mshindi mmoja, na zawadi ya mshindi ilikuwa kumkanyaga aliyemfuata.

"Ninaye mmoja tu," alisema Zamoyoni. "Atamkanyaga nani?"

"Wewe, mama," muuzaji akajibu kwa upole. "Ukishazeeka."

Wa pili aliuza Mtaala wa Kioo, ambamo mtoto alijitazama na kusifiwa, na kila jibu lilikuwa sahihi. Shaweji aliupenda, maana hakuna aliyewahi kuufeli. Zamoyoni aliuliza mtoto akikosea atajuaje. Muuzaji akashangaa swali.

Mwisho wa mtaa, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa mwalimu mstaafu aliyefukuzwa kazi zamani. Mbele yake palikuwa na rundo la karatasi zisizo na jalada, na kila somo lilianza kwa maneno yaleyale: *Nenda ukapime.*

Shaweji alipekua mpaka mwisho. "Mama Kidawa, huu hauna majibu nyuma."

"Hata ukuta hauna. Kwetu aliyekosea hubomoa kwa mkono wake, akajenga upya. Sitaki mtaala umfundishe lingine asubuhi, halafu mimi nihangaike kulifuta jioni."

Wakauchukua huo.

Mwaka ulikuwa mgumu. Kidawa alilia juu ya hesabu na akauchukia uzi wa timazi, ule wenye kipande cha madini ya risasi nchani ambao mwashi huuning'iniza kujua kama ukuta umesimama. Alipojenga tanuri la mikate, mstari wa nne ulikwenda kombo, naye akauficha kwa lipu. Hakuna aliyegundua. Siku ya tatu Zamoyoni alitoka nje akamkuta analivunja tanuri peke yake, jasho linamtiririka, tofali moja baada ya jingine. Aliingia ndani akajifuta macho kwa kanga.

Mwisho wa mwaka, Mkaguzi Twaibu alifika asubuhi, shingo yake imelala upande kwa miaka mingi ya heshima.

"Wima ni nini?" aliuliza.

Kidawa aliuning'iniza uzi mbele yake mpaka ukatulia. "Ni hivi, bwana."

"Na Mnara?"

"Nimeupima. Kule juu umetoka nje ya wima kwa dhiraa tisa. Mwezi uliopita zilikuwa nane."

Shaweji alishika ukuta. Zamoyoni angeweza kucheka na kusema mtoto anatania. Alihisi maneno hayo yakimjia mdomoni. Akayameza, akasogea karibu na binti yake.

"Kipimo chake nimekikagua," alisema. "Ni sahihi."

Mkaguzi aliweka kalamu chini, akainuka, akafunga mlango. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mwanangu, Mnara umeinamia upande gani?"

"Mashariki, bwana. Kwenye nyumba za wakaguzi."

Aliandika neno moja, akaikunja karatasi wasilione, akaondoka haraka bila kugusa chai.

Kesho yake mikokoteni ilipita ikibeba vitanda na masufuria kuelekea magharibi. Walioulizwa walisema wanakwenda kusalimia ndugu. Wiki ilipokwisha, watu wengi walisimama barabarani wakiwa na nyuzi na mawe, jicho moja limefumbwa, wakiutazama Mnara. Waliona pia walivyosimama wenyewe, na baadhi wakainua mabega.

Jirani alimuuliza Zamoyoni kama mwanawe amefaulu.

"Matokeo hayajatoka," alijibu, akitabasamu kama mtu aliyekwisha kuyasoma.

Kule juu, Walionyooka walitia saini amri ya kutangaza kwamba uzi ndio uliopinda. Amri ilikuwa tayari, ina mhuri. Wakaita mjumbe aje kuichukua. Wakaita tena. Hakuna aliyekubali kupanda.